Bastola Ndogo ya Mbao ya Kurusha Mipira: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hitilafu Zake

Ukurasa huu unahusu bastola ya aina gani?

Unahusu bastola ndogo ya kuchezea iliyotengenezwa kwa mbao, ambayo hurusha ile mipira myembamba ya mviringo inayotumika kufungia noti na vifurushi. Haina baruti, haina hewa iliyogandamizwa, wala haina tundu ndani ya mtutu wake. Mtutu ni kipande cha mbao tu. Mpira hushikizwa kwenye mkato mdogo ulioko mdomoni mwa mtutu, ukavutwa kwenda nyuma, kisha ukapachikwa kwenye jino la gurudumu dogo linalozunguka juu ya ekseli. Gurudumu hilo huzuiwa na ulimi wa kifyatulio, yaani ile ncha ya juu inayoingia kati ya jino na jino. Ukivuta kifyatulio, ulimi hutoka, gurudumu huzunguka kwa jino moja, nao mpira hufunguka na kuruka.

Mtambo wote ni huo, na ndiyo maana takriban kila hitilafu utakayokutana nayo hutokana na sehemu mbili: pale ulimi unapokutana na jino, au mpira wenyewe. Fundi anayezichunguza sehemu hizo mbili kabla ya kushika tupa huokoa mbao nyingi, na kubwa zaidi, hujua alichokirekebisha.

Je, ninaweza kuibadilisha irushe kitu kigumu, au hata risasi?

Hapana, na ukurasa huu hautoi msaada wowote katika jambo hilo. Mpira uliolegea baada ya kutoka hupoteza mwendo upesi kwa sababu ni mwepesi na ni mpana, na wepesi huo ndio unaoifanya bastola hii iwe mchezo. Msumari, kokoto au kipande cha waya havina sifa hiyo. Kuhusu risasi, mbao na gundi haviwezi kuhimili mlipuko, na anayejaribu hujihatarishia mkono, macho na uhuru wake, kwa kuwa nchi nyingi huhesabu kitendo hicho kuwa ni kutengeneza silaha bila kibali.

Bastola inajifyatua yenyewe mara tu ninapomaliza kupakia. Kosa liko wapi?

Hii ndiyo hitilafu ya kushughulikiwa kabla ya nyingine zote, kwa sababu mpira hutoka wakati ambapo vidole na uso wa mpakiaji viko karibu. Toa mipira yote, kisha ishike bastola mbele ya dirisha lenye mwanga na uzungushe gurudumu polepole kwa kidole hadi jino liuguse ulimi. Tazama mstari wa mwanga katikati ya nyuso hizo mbili. Zikiwa zimekaa sawasawa, mwanga hautapita. Ukiuona mwanga ukipenya juu au chini, ujue kwamba mzigo wote unabebwa na ukingo mwembamba wa mbao, nao ukingo huo utakuwa tayari umeanza kuviringika na kung'aa kwa kusuguliwa.

Jambo la pili la kuchunguza ni mlalo wa uso wa jino. Uso huo unatakiwa uwe umekatwa kwa namna ambayo gurudumu, linapousukuma ulimi, linaelekeza msukumo wake kwenye ekseli ya kifyatulio. Msukumo ukielekea hapo, ulimi hauna sababu ya kwenda mbele wala nyuma, na msuguano mdogo wa mbao kwa mbao unatosha kuushikilia. Uso ukiwa umelala, jino hugeuka kuwa kabari inayousukuma ulimi utoke, na hapo hakuna springi itakayokusaidia kwa muda mrefu. Watu wengi huongeza springi kali zaidi wanapoiona dalili hii. Matokeo yake ni kifyatulio kizito ambacho bado hakiaminiki. Rekebisha mlalo kwanza.

Halafu pima kina ambacho ulimi unaingia. Kwa mbao ngumu, milimita 1 hadi 1.5 hufaa. Ulimi ulioingia kwa nusu milimita unaweza kushikilia mpira mmoja vizuri kabisa kisha ukashindwa unapopakia wa tatu, maana kila mpira unaoongezwa huongeza mzigo juu ya gurudumu lile lile. Hii ndiyo sababu jaribio la mpira mmoja halithibitishi lolote.

Kama ulimi umelika, gundisha kipande chembamba cha mbao ngumu kwenye uso wake, kisha kipunguze kidogo kidogo kwa msasa namba 400 uliobandikwa kwenye kijiti kilichonyooka. Msasa ulioshikwa kwa kidole huviringisha ukingo, nawe utarudia kosa lile lile. Ukishapata umbo unalolitaka, dondoshea ukingo tone moja la supaglu nyembamba, iache ikauke kabisa, na upitishe msasa mara ya mwisho. Gundi hiyo huingia katika nyuzi za mbao na kuzifanya ngumu. Kisha pakia idadi yote ya mipira ambayo gurudumu linachukua, elekeza bastola kwenye ukuta mtupu, na ugongegonge mpini polepole juu ya kitambaa kilichokunjwa. Isipojifyatua kwa kugongwa hivyo, inaweza kutumika.

Kifyatulio ni kizito mno, na wakati mwingine hakitoki kabisa. Nifanyeje?

Vuta kifyatulio polepole sana huku ukiutazama mpira badala ya kutazama ulimi. Ukiona mpira unavutika kidogo zaidi kabla ya kuachiwa, basi uso wa jino umekatwa kwa kuingia ndani kupita kiasi, na kidole chako kinalazimika kulirudisha gurudumu nyuma dhidi ya nguvu ya mipira yote ndipo ulimi utoke. Ni kinyume cha kosa la swali lililotangulia, na mara nyingi humpata fundi yule yule aliyejaribu kulisahihisha kosa la kwanza kwa pupa. Punguza uso huo kidogo, ukijaribu baada ya kila mapito machache ya msasa.

Ikiwa mpira hausogei kabisa lakini kifyatulio bado ni kizito, angalia urefu wa sehemu ya kidole ukilinganisha na sehemu ya ulimi. Kifyatulio ni wenzo: umbali kutoka ekseli hadi mahali kidole kinapovuta ukiwa mara tatu ya umbali kutoka ekseli hadi ncha ya ulimi, kidole hufanya kazi kwa theluthi ya nguvu. Katika bastola ndogo nafasi ni finyu, kwa hiyo wengi huweka ekseli katikati ya kifyatulio bila kufikiri. Ipandishe karibu na ulimi utaona tofauti.

Nikivuta mara moja, mipira miwili au mitatu hutoka pamoja. Kwa nini?

Kwanza ondoa sababu nyepesi. Mipira mipya mara nyingi hushikamana, hasa ikiwa imekaa kwenye joto, na miwili iliyoshikamana huweza kuingia katika jino moja bila wewe kutambua. Itikise ndani ya mfuko wenye poda kidogo ya talki, kisha upakie tena, ukihakikisha kwamba kila jino limebeba mpira mmoja.

Tatizo likiendelea, limo katika mbio kati ya ulimi na gurudumu. Ulimi unapotoka, gurudumu huzunguka kwa kasi kubwa, na ulimi unatakiwa urudi mahali pake kabla jino linalofuata halijapita. Kidole cha mtu hakiwezi kuachia kwa kasi hiyo. Anayevuta kwa nguvu hukishikilia kifyatulio nyuma hadi gurudumu limekwisha kupita meno mawili. Kuongeza nguvu ya springi ya kurudisha hakuondoi kasoro hii, kwa sababu kifyatulio kimezuiwa na kidole chenyewe.

Dawa ya kweli ni kukipa kifyatulio ulimi wa pili, kama ilivyo katika saa ya ukutani yenye pendulamu, ambamo kipande chenye ndimi mbili huliruhusu gurudumu kupita hatua moja kwa kila mbembeo wa kwenda na kurudi. Ulimi wa kwanza unapotoka, wa pili huwa umekwisha kuingia mbele ya jino jingine, hivyo gurudumu husogea nusu hatua tu na kusimama. Unapokiachia kifyatulio, ulimi wa pili hutoka, wa kwanza hulidaka gurudumu, na nusu ya pili ya hatua hukamilika. Kwa mpangilio huu haijalishi umekishikilia kifyatulio kwa muda gani.

Ugumu uko katika vipimo. Ulimi wa pili ukichelewa kuingia hata kwa kiasi kidogo, gurudumu litapita. Ukiwahi mno, utaligonga jino kwa mbele na mtambo utakwama. Chora gurudumu na kifyatulio kwenye kadibodi kwa ukubwa mara nne, vitoboe na uvipachike kwenye misumari midogo, uvizungushe kwa mkono, na usikate mbao hadi kadibodi ifanye kazi bila kukwama. Jambo jingine la kuamua mapema ni pale mpira unapoachana na jino: panga uteleze katika nusu ya kwanza ya hatua, yaani wakati wa kuvuta, kwa sababu bastola inayofyatua wakati wa kuachia kidole humshtua anayeitumia na kumfanya apoteze shabaha.

Kifyatulio hakirudi mbele baada ya kuvutwa.

Springi imelegea, au ekseli imebana. Toa springi, kifyatulio kinatakiwa kianguke chenyewe kwa uzito wake unapoinamisha bastola. Kisipoanguka, tatizo ni tundu au pande za mwili wa bastola, si springi.

Mpira unanipiga kidole, au unabaki ukining'inia mdomoni mwa mtutu. Je, nimeupakia vibaya?

Huenda umeupakia sawa. Ili kuelewa kinachotokea, fuatilia safari ya mpira. Unapoachiwa nyuma, hauondoki wote kwa wakati mmoja: sehemu ya nyuma hukimbia mbele huku sehemu iliyoko mdomoni ikiwa bado imekaa palepale kwenye mkato wake. Ni pale tu sehemu ya nyuma inapoupita mdomo wa mtutu ndipo inapoing'oa ile ya mbele na kwenda nayo. Mkato wa mdomoni ukiwa na kina kirefu, au ukiwa na kingo zenye vinyuzi vya mbao, sehemu ya mbele hunaswa kwa muda mfupi, mpira hugeuka, na hurudi ulikotoka au huanguka miguuni pako.

Mkato haupaswi kuwa na kina kinachozidi unene wa mpira wenyewe. Ukingo wake wa mbele uinamishe kidogo kuelekea nje, ulainishe kwa msasa, na uupake nta ya mshumaa. Kama unaogopa kwamba mkato mfupi utauachia mpira wakati wa kupakia, jua kwamba mvuto wa mpira wenyewe ndio unaoushikilia pale. Mkato kazi yake ni kuuelekeza tu.

Ikiwa kinachopigwa ni kidole gumba, sababu ni nyingine: mpini ni mfupi kiasi kwamba mkono umepanda juu na kukaa katika njia ya gurudumu. Gundisha kijibao kidogo juu ya mpini, nyuma ya gurudumu, kitakachouzuia mkono usipande.

Kila mara mpira unakwenda kushoto. Shabaha yangu si mbaya kiasi hicho.

Ninakubaliana nawe, kwani shabaha mbaya hutawanya mipira pande zote. Bastola inayokosea upande mmoja daima ina kasoro ya kudumu, na kasoro ya kudumu hupatikana.

Pakia mpira mmoja, elekeza bastola ukutani, na uudonoe kwa ukucha upande wake wa kulia, kisha wa kushoto, kama mtu anayejaribu uzi wa gitaa. Sikiliza. Pande zote mbili zikiwa zimevutika sawa, zitatoa sauti moja. Upande mmoja ukitoa sauti nyembamba zaidi, huo ndio uliokaza, na tofauti ya mvuto kati ya pande hizo ndiyo inayoupindisha mpira unapotoka. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote, na sikio hugundua tofauti ambayo jicho haliioni.

Tofauti hiyo hutokana na upakiaji mara nyingi, kwa kuwa mtu huvuta kwa upande wa mkono anaoutumia na mpira hautelezi kujisawazisha wenyewe kwenye mkato mkavu. Baada ya kuupachika, uuvute kidogo katikati na kuuachia polepole ili ujisawazishe, kisha uudonoe tena. Ikiwa sauti bado zinatofautiana, weka kipimo cha pembe mraba kwenye mdomo wa mtutu: mkato uliokatwa kimshazari hata kwa digrii chache huufanya upande mmoja uwe mrefu. Halafu litazame gurudumu kutoka juu. Likiwa limeinama kwenye ekseli yake, jino huuachia upande mmoja wa mpira kabla ya mwingine.

Kuna kosa moja zaidi ambalo hufanana na hilo lakini ni jepesi: mpira uliopakiwa ukiwa umejisokota. Mpira bapa uliosokotwa huzunguka hewani na njia yake haitabiriki. Upitishe kati ya vidole viwili kabla ya kuupachika.

Mpira unaanguka karibu sana. Je, niuvute zaidi?

Inategemea unavutwa kiasi gani sasa. Kwa bastola ya aina hii, mpira hufanya kazi vizuri ukivutwa hadi mara mbili na nusu au tatu ya urefu wake ukiwa umelala bapa. Chini ya hapo hauna nguvu ya kutosha. Juu ya hapo unachoka upesi, unakatika mara kwa mara, na unaongeza mzigo kwenye ulimi bila faida inayolingana nao.

Mipira huuzwa kwa namba, na katika mfumo wa namba wa Marekani, ambao umeenea, namba 16 ina urefu wa takriban milimita 64 na upana wa milimita 1.6, namba 32 ina milimita 76 kwa 3.2, na namba 64 ina milimita 89 kwa 6.4. Bastola ambayo umbali wake kutoka mdomoni hadi kwenye jino ni sentimita 16 inaafikiana na namba 16, kwa kuwa huo ni mvuto wa mara mbili na nusu. Namba 64 haifai kwa mtambo mdogo wa namna hii hata kidogo. Upana wake huyaelemea meno, na pigo lake linauma. Ningependa kila anayeanza achague mpira kwanza kisha aukate mtutu kulingana nao, kuliko kukata mtutu kwa kupendeza macho halafu kutafuta mpira utakaoutosha.

Kama mvuto uko sawa na bado mpira hauendi mbali, pakia mpira mpya kabisa na ulinganishe. Ukienda vizuri, yale ya zamani yamechoka.

Kwa nini mipira yangu inakatika baada ya muda mfupi?

Jibu linaanzia kwenye asili ya mpira wenyewe. Utomvu wa mti wa mpira ukikaushwa tu, hunata wakati wa joto na kuwa mgumu wakati wa baridi. Ni kwa kupikwa pamoja na salfa ndipo unapopata ukakamavu wa kudumu, njia ambayo Charles Goodyear wa Marekani na Thomas Hancock wa Uingereza walijipatia hataza zake, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, katika miaka ya 1840. Hataza ya mpira wa kufungia wenyewe alipewa Stephen Perry mjini London tarehe 17 Machi 1845. Salfa huziunganisha nyuzi ndefu za mpira zisiteleze moja juu ya nyingine, lakini haizikingi dhidi ya kila kitu.

Adui mkubwa ni ozoni iliyomo hewani. Huushambulia mpira uliovutwa kwa ukali kuliko uliolegea, na alama yake ni nyufa ndogo zinazokatiza upana wa mpira, yaani zinazokwenda kinyume na mwelekeo wa mvuto. Vuta mpira wa zamani mbele ya taa, uusogeze karibu na jicho lililovaa miwani ya kinga, utaziona. Mpira wenye nyufa hizo utupwe. Mota za umeme zenye brashi zinazotoa cheche huzalisha ozoni, kwa hiyo usiuweke mfuko wa mipira kwenye rafu iliyo karibu na drili au feni ya zamani. Mwanga wa jua na joto huharibu pia; kopo lenye kifuniko, mahali penye giza na ubaridi, ndiyo hifadhi yake.

Shaba haitajwi sana, nayo inastahili kutajwa. Mpira wa asili ukikaa muda mrefu umegusana na shaba huoza mapema, kwa sababu madini hayo huchochea kuungana kwake na oksijeni. Basi ile nakshi ya waya wa shaba ambayo mafundi wengi huipenda mdomoni mwa mtutu inaweza kubaki kama pambo, lakini isiwe mahali mpira unapolala.

Ukiondoa hayo, angalia mpira umekatikia wapi. Ukikatika daima mahali palepale, karibu na jino au karibu na mkato, kosa ni la mbao: kuna ukingo mkali, na kipande kidogo cha msasa kitalimaliza tatizo.

Ninaweza kuiacha bastola ikiwa imepakiwa usiku kucha?

Usifanye hivyo. Kwanza ni hatari kwa atakayeiokota bila kujua. Pili, mpira uliovutwa kwa muda mrefu hulegea ndani kwa ndani, na nguvu iliyopotea hairudi yote.

Kuna jaribio zuri linaloonyesha kwamba mpira una mambo mengi kuliko unavyodhaniwa. Uguse mpira mpana kwenye mdomo wako wa juu, uuvute ghafla, nawe utahisi ujoto. Usubiri kidogo ukiwa umevutwa, kisha uulegeze ghafla bila kuuachia, utahisi ubaridi. John Gough aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1805, na James Joule akalichunguza kwa vipimo katika miaka ya 1850. Joto linalotoka wakati wa kuvuta huishia hewani mpira unapokaa, na hiyo ni sababu mojawapo ya mpira uliopakiwa na kufyatuliwa papo hapo kwenda kwa nguvu kidogo zaidi ya ule uliosubiri.

Jino la gurudumu limevunjika. Ninaweza kuligundisha?

Unaweza, lakini litavunjika tena. Gurudumu lililokatwa katika ubao wa kawaida lina meno ambayo nyuzi za mbao zimepita kwa urefu wake, na mengine ambayo nyuzi zimeyakatiza. Haya ya pili hayana nguvu, na hakuna gundi itakayobadilisha mwelekeo wa nyuzi. Kata gurudumu jipya katika plaiwudi yenye tabaka nyingi, unene wa milimita 5 au 6, ambamo nyuzi za kila tabaka zinakatiza za jirani yake. Kwa kifyatulio, ambacho ni kirefu na chembamba, ubao wa kawaida hufaa mradi nyuzi ziende kwa urefu wake.

Ilifanya kazi vizuri wiki iliyopita, na leo imekwama bila kuguswa na mtu.

Mbao imenywa unyevu. Mbao huvimba kwa upana na unene wake, na kwa urefu karibu haivimbi kabisa, kwa hiyo kifyatulio kilichotoshana vizuri kati ya pande mbili za mwili siku ya ukavu hubanwa siku ya unyevu. Acha nafasi ya nusu milimita kila upande na uijaze kwa washa nyembamba ya plastiki au ya kadi iliyopakwa nta, ili kifyatulio kisiyumbe. Vanishi husaidia kupunguza kasi ya unyevu kuingia. Ipake pia ndani ya matundu, mahali panaposahauliwa. Usipake kwenye uso wa ulimi na wa jino, kwa maana vanishi laini hunata.

Je, nitie mafuta ili ilainike?

Hapana. Mpira wa asili ukiyagusa mafuta ya mashine huvimba na kuoza. Tumia nta ya mshumaa kwenye pande za kifyatulio, na risasi ya penseli laini, iliyosagwa kuwa unga, kwenye ekseli.

Bastola yangu haina gurudumu. Ina kibanio cha nguo juu ya mpini. Maelezo haya yananihusu?

Yale yanayohusu mpira na mdomo wa mtutu yanakuhusu yote. Kibanio hurusha mpira mmoja tu, na hitilafu zake ni mbili: kuuachia mpira mapema, na kuchelewa kuuachia. Ya kwanza hutibiwa kwa kubandika kipande cha msasa laini ndani ya midomo ya kibanio ili mpira usiteleze. Ya pili hutokana na springi kuwa kali kuliko inavyohitajika. Tafuta kibanio kilichotumika muda mrefu. Ni mtambo ninaoupendekeza kwa anayeanza kabisa, kwa sababu hufundisha tabia ya mpira kabla ya kuingia katika tabu ya meno na ndimi.

Mtoto anaweza kuitumia?

Anaweza, akiwa na mtu mzima karibu na akiwa amevaa miwani ya kinga. Jicho ndilo kiungo kilicho hatarini, na hatari haitoki mbele ya mtutu peke yake: mpira unaokatika wakati wa kupakia huruka nyuma, kuelekea usoni mwa anayepakia. Kwa hiyo mtoto afundishwe kupakia akiwa ameuelekeza mtutu pembeni na chini, uso ukiwa nje ya mstari wa mpira, na miwani ivaliwe kabla ya kupakia, si baada. Wote waliomo chumbani wavae miwani. Shabaha iwe kopo tupu au karatasi iliyosimamishwa, wala isiwe mtu au mnyama, hata kwa mpira uliochoka. Mipira iliyotapakaa sakafuni iokotwe yote mchezo unapokwisha, kwani watoto wadogo na wanyama wa nyumbani huimeza.

Ninataka ifanane na bastola halisi. Je, kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Anayeiona kwa mbali hana namna ya kujua kwamba ni mbao na mpira, naye askari halazimiki kusubiri ajue. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1988 inataka bastola za kuchezea zinazouzwa ziwe na alama ya rangi ya chungwa mdomoni, na Uingereza iliweka vikwazo juu ya bastola bandia zinazofanana na za kweli kwa sheria ya mwaka 2006. Hata mahali ambapo hakuna sheria ya aina hiyo, acha mbao ionekane kuwa ni mbao, au uipake rangi zinazong'aa kama njano na chungwa mwili mzima, na usitoke nayo hadharani ikiwa mkononi au kiunoni. Usifike nayo shuleni, benki wala uwanja wa ndege, hata ikiwa ndani ya mkoba.

Ni lini niache kuirekebisha na nitengeneze nyingine?

Angalia tundu la ekseli ya gurudumu. Shika gurudumu kwa vidole viwili na ulitikise juu na chini bila kulizungusha. Tundu likiwa limepanuka kiasi cha kuonekana, kina cha ulimi hubadilika kila gurudumu linapozunguka, na kila rekebisho utakalolifanya kwenye meno litadumu kwa mizunguko michache tu. Mara moja unaweza kulipanua tundu kwa drili na kuingiza bomba dogo la plastiki gumu ili ekseli izunguke ndani yake. Likipanuka tena, au ukiona ufa unaotoka tundu moja kwenda jingine kwenye mwili wa bastola, uondoe mtambo, uyatunze gurudumu na kifyatulio ikiwa bado ni vizima, na uvitumie kama vielelezo vya kuchorea vipimo kwenye ubao mpya.